Mashine ya presha tuliyomnunulia mama baada ya kiharusi, miaka miwili tukiitumia

Naandika hii kwa sababu watu wananiuliza sana, majirani hapa Umoja, Nairobi, watu wa chama, juzi hata kijana wa boda wa steji yetu ambaye babake amepooza upande mmoja, wote swali ni lile lile, nimnunulie mzee mashine gani ya presha. Nikijibu kwa simu nasahau nusu ya mambo, na nusu ninayosahau ndiyo yenye uzito, kwa hivyo wacha niweke yote mahali pamoja.

Nimetumia mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya kufunga pale unapovaa saa. Ya pili ni ya kufunga mkono wa juu, juu ya kiwiko, yenye mpira na kitambaa kipana, na hii ndiyo tuko nayo hadi leo. Majina ya kampuni sitayataja, kitu cha kuangalia dukani si jina, nitaeleza.

Kwanza mjue tulifikaje hapo. Mama ni fundi wa nguo, ameshona sare za shule zaidi ya miaka 30, mikono yake ndiyo kazi yake. Jumamosi moja mwaka 2023 alikuwa anamenya minji jikoni na mkono wa kushoto ukaanza kuangusha. Kila ganda analoshika linateleza, anaokota, linateleza tena. Akaacha akachukua chai, na chai ikatoka pembeni ya mdomo ikashuka hadi kwa leso na yeye hakusikia kabisa, mimi ndio nikamwambia mama unamwagikiwa. Akanijibu lakini maneno yakawa mazito, kama mtu aliyedungwa ganzi kwa daktari wa meno. Dakika 20 hivi halafu yote yakaisha, mkono ukarudi, akamaliza minji yake na tukapika.

Tulimpeleka kliniki moja ya mtaani jioni hiyo hiyo, wakampima wakasema presha imepanda kidogo, ni uchovu na mawazo, wakampa dawa za maumivu turudi nyumbani. Neno kiharusi halikutamkwa hata mara moja. Na mimi nikashukuru Mungu kwamba ni uchovu.

Sasa najua kile kilikuwa nini. Kilikuwa kiharusi cha kupita, damu inaziba mahali kwa ubongo kwa muda mfupi halafu inafunguka yenyewe, watu wengi wanakiita stroki ndogo na hilo jina linadanganya kwa sababu mtu akisikia ndogo analegea. Ni onyo. Hatari ya kupata kile kikubwa iko juu zaidi siku mbili za kwanza na inaendelea kuwa juu wiki zinazofuata, yaani kwisha kwa dalili si ruhusa ya kulala nyumbani, hiyo siku ndiyo ya kukimbia hospitali yenye skani.

Sisi tulilala nyumbani. Siku ya nane mama aliingia kitandani saa tatu usiku akiwa mzima, saa kumi na moja alfajiri anataka kushuka aende msalani, mguu wa kushoto ukakataa, akaanguka. Hospitalini swali la kwanza halikuwa ana miaka mingapi au bima gani, waliuliza mara ya mwisho mlimuona akiwa mzima ni saa ngapi. Hatukuelewa kwa nini wanasisitiza hivyo. Kumbe kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na inafaa kutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kama mtu ameamka nayo wanahesabu kutoka alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kwetu hiyo ni masaa 8 yamepita. Skani ikaonyesha damu iliganda, haikuvuja, lakini muda wa kupewa hiyo dawa ulikuwa umeshapita.

Siku 9 wodini, akaja nyumbani na kiti cha magurudumu cha kuazima na mfuko wa dawa, mbili za presha, moja ya mafuta ya damu na aspirini ya kila siku. Daktari akasema presha yake ipimwe nyumbani na iandikwe, maana mtu aliyepata kiharusi mara moja yuko karibu zaidi na cha pili kuliko mtu ambaye hajawahi. Kwa hesabu za Marekani karibu kiharusi kimoja kati ya vinne ni cha mtu aliyewahi kupata kingine. Na presha ndiyo sababu kubwa kuliko zote ambayo mtu anaweza kuishika kwa mkono wake.

Hapo ndipo nikaenda mjini nikanunua ile ndogo ya kufunga pale pa saa. Ilikuwa 2,300, ni nyepesi, inaingia kwa mfuko, mama anaweza kuifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, na hiyo kwa mtu ambaye mkono mwingine haufanyi kazi nikaona ni baraka. Tatizo ni namba. Asubuhi moja ilituambia 118 kwa 70, nikarudia baada ya dakika tatu ikasema 162 kwa 98. Mama akachagua ile aliyoipenda. Akaanza kusema presha imeshuka, sioni haja ya kumeza vidonge vyote hivi, na mimi nilikuwa nikitoka kazini jioni naona karatasi imeandikwa 120, 116, 122, nafurahi.

Siku ya kliniki nesi akampima akapata 172 kwa 100. Akapima tena, 168. Nikatoa ile mashine yangu kwa mkoba nikamwonyesha namba zetu nzuri. Hakunigombeza. Alimwambia mama, "Shosho, hebu nionyeshe vile unajipima nyumbani." Mama akafunga, akaweka mkono juu ya bega kama mtu ameshika simu, kwa sababu ndivyo anaona kioo vizuri. Nesi akamshusha mkono ukalala mapajani, namba ikaruka juu. Akaupandisha tena, ikashuka. Akatueleza hizo za pale pa saa zinataka mkono ukae usawa wa moyo kabisa, ukipandisha inasoma chini, ukishusha inasoma juu, na mtu mwenye mkono dhaifu hawezi kuushikilia hapo. Pengine kuna watu wanaziweza. Kwa mgonjwa wa kiharusi mimi siwezi kumshauri mtu anunue.

Ya pili sasa. Nesi alinipa mambo mawili ya kuuliza dukani na ndiyo nawapa nyinyi. Moja, iwe ya mkono wa juu na iwe imepitishwa kwenye majaribio ya kitabibu, siyo kuandikwa tu kwa boksi kwamba ni nzuri, mwenye duka la dawa anayejua kazi yake ataelewa ukimuuliza na anaweza kukuangalizia. Mbili, saizi ya kitambaa. Hii watu wengi hawaijui kabisa. Kitambaa kidogo kwa mkono mnene kinasoma presha juu kuliko ilivyo, kikubwa kwa mkono mwembamba kinasoma chini. Nilipofika nyumbani kumwambia mama, akatoa futi yake ya ushonaji shingoni, akanipa mwisho mmoja nishike, akauzungusha mkono wake wa juu mwenyewe kwa ule mkono mzima, akasoma, 36. Akasema "andika," vile anavyoambia wateja. Kitambaa cha kawaida kinachokuja na mashine nyingi kinaishia sentimita 32. Duka la kwanza nililoingia walitaka kuniuzia hicho hicho wakisema kinaenea kila mtu, nikatoka. La pili, pale karibu na Moi Avenue, walikuwa na ya kitambaa cha 22 hadi 42, nikalipa 7,800 na nikadai risiti ya garantii.

Jumatatu iliyofuata nikaipeleka kliniki, nesi akampima mama kwa ya kwao halafu kwa yetu, tofauti ilikuwa pointi 4. Hapo nikapumua. Fanyeni hivyo hata nyinyi, hakuna malipo na inakutoa wasiwasi.

Vile tunapima: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, na jioni. Mama anaenda msalani kwanza. Anakaa kwa kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, hakuna kukunja nne, mkono juu ya meza hadi usawa wa moyo, kitambaa kwa ngozi siyo juu ya sweta. Halafu dakika 5 za kukaa kimya. Hizo dakika 5 ndizo ngumu kuliko zote kwa nyumba yetu kwa sababu kila mtu anakumbuka kitu cha kumwambia mama akishafungwa kile kitambaa, na kuongea tu kunapandisha namba. Tunapima mara mbili, dakika moja katikati, zote mbili zinaandikwa kwa kaunta buku. Kwa mkono gani? Nesi alisema ule mzima, usiopooza, na tubaki na huo huo siku zote. Nyumbani mstari wa kuanza kuwa na wasiwasi ni 135 kwa 85, si 140 kwa 90 ya hospitalini, kwa mama daktari anataka tukae chini ya 130 kwa 80.

Kaunta buku ndiyo iliyofanya kazi kubwa, kusema ukweli. Baada ya miezi mitatu nilikaa na daktari akageuza kurasa polepole akauliza, hapa mwisho wa mwezi kunaendaga nini? Nikaangalia. Kila mwezi kuanzia tarehe 23 au 24 hivi namba zilikuwa zinapanda, 138, 144, 151, halafu tarehe 2 au 3 zinarudi chini. Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Mama alikuwa ameketi pale kando akainamisha kichwa. Tulipofika nyumbani akanionyesha, ndani ya kopo la vifungo vya nguo kulikuwa na wembe umefungwa kwa karatasi. Dawa zikikaribia kuisha alikuwa anakata kila kidonge nusu ili zifike mwisho wa mwezi, sababu alijua mshahara wangu unaingia tarehe moja na hakutaka kuniomba pesa katikati. Nililia siku hiyo jamani. Sasa tunanunua za miezi miwili kwa pamoja, na daktari alibadilisha moja akaweka ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Kama una mzazi anayemeza dawa za presha nenda uhesabu vidonge, usimuulize, hesabu.

Chumvi pia tuliiona kwa namba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kidogo cha chai, na hapo kila kitu kimehesabiwa, ya kwenye mkate, ya vile viungo vya mchuzi vya pakiti, smoki za barabarani, krispi. Sisi tuliacha vile viungo vya pakiti na ile chumvi ya kuchovea nyama choma. Sukuma tunaweka dania na ndimu. Mama alilalamika wiki mbili hivi.

Lakini nyota moja naitoa, na sababu siyo mashine yenyewe bali vile sisi tuliielewa. Mwaka jana jioni moja tuko sebuleni, mama anaongea na mtoto wangu, mtoto akaniita akasema shosho anaongea vibaya. Nikageuka. Maneno yalikuwa yanavutika tena kama ile siku ya minji. Dada yangu mdogo akakimbia kuleta mashine. Ikasoma 146 kwa 88. Dada akasema, "Presha si mbaya sana, wacha alale kidogo tuone." Na mimi kwa sekunde kadhaa nilikubaliana naye, naapa, kwa sababu namba ilikuwa mbele yangu na ilikuwa namba ya kawaida kawaida.

Mashine ya presha haipimi kiharusi! Mtu anaweza kupata kiharusi presha ikiwa 130, na ukimuona uso umelegea upande mmoja usipoteze hata dakika ya kutafuta mashine iko wapi. Nilimwambia mama tabasamu, upande wa kushoto wa mdomo ukabaki chini. Nikamwambia inua mikono yote miwili ufunge macho, wa kushoto ukashuka polepole wenyewe. Nikamwambia sema "leo ni siku ya soko," akashindwa na neno soko. Moja tu kati ya hizo ikitokea ghafla inatosha, yeye alikuwa na tatu. Kuna na zingine ambazo watu hawazijui, kupoteza macho ghafla jicho moja au kuona viwili, kizunguzungu cha ghafla mtu anayumba hawezi kutembea, kichwa kuuma ghafla vibaya kuliko alivyowahi kuumwa. Neno ni ghafla.

Nikaangalia saa, saa moja na dakika kumi jioni, nikaandika kwa mkono wangu na kalamu. Jirani akatoa Probox yake. Kama hauna gari kuna ambulensi za Msalaba Mwekundu, namba 1199, sisi tuliona jirani yuko tayari mlangoni tukaenda, na nikapiga simu hospitali tukiwa njiani kwamba tunaleta mgonjwa wa kiharusi. Nilikuwa nimeshauliza zamani ni hospitali gani karibu nasi ina skani usiku na saa zote, siyo kila moja inayo, na usiku kwa msongamano wa Jogoo Road hautaki kuanza kuzunguka kutafuta. Shangazi alitaka tumpe chai ya sukari na aspirini nyingine kabla tutoke. Nilikataa, shangazi alikasirika lakini nilikataa. Kabla ya skani hakuna anayejua kama damu imeganda au imevuja, na kama imevuja aspirini inaharibu zaidi, na koo la mtu wa kiharusi linaweza kuwa halimezi vizuri, chai inaingia mapafuni. Hata ile meseji inayozunguka ya kudunga vidole na sindano damu itoke, hiyo haisaidii kitu, inakula muda tu.

Tulifika dakika 40 baadaye. Tukiwa kwa skani maneno yakaanza kurudi, skani haikuonyesha damu kuvuja, wakamlaza wamchunguze. Na hapo wakapata kitu ambacho hakikuonekana mara ya kwanza, moyo wake unapiga bila mpangilio, siyo kila wakati, unakuja na kuondoka. Moyo wa hivyo unafanya damu igande ndani yake halafu kipande kinasafiri hadi kwa ubongo, na unaongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5. Aspirini haitoshi kwa hilo. Waliiondoa wakampa dawa nyingine nzito zaidi ya kuzuia damu kuganda, ya kumezwa kila siku bila kuruka.

Kile kiliniuma ni hiki. Daktari aliuliza kama mashine yetu ina alama ya kamoyo kenye mistari kwa kioo. Ndiyo ilikuwa nayo. Ilikuwa imekuja na kupotea kwa wiki kadhaa na sisi tulidhani ni alama ya betri kuisha, nikabadilisha betri mara mbili! Kijitabu kinaeleza lakini ni kwa Kiingereza, herufi ndogo kama za mgongo wa tikiti ya matatu, na duka halikutufundisha zaidi ya kubonyeza kitufe. Hiyo alama haithibitishi ugonjwa, kipimo cha moyo cha hospitali ndicho kinathibitisha, na mtu akitingishika tu inaweza kutokea, lakini ikirudi rudi mpeleke mtu akapimwe. Soma kijitabu chote au tafuta mtu akusomee kabla hujaanza kutumia.

Mengine ya mashine kwa haraka. Betri nne zinakaa kama miezi mitano kwa matumizi yetu ya mara mbili kwa siku, zikianza kuchoka mpira unajaa polepole. Kile kinachoshikana cha kitambaa kimeanza kulegea baada ya mwaka na nusu, kitambaa kipya peke yake niliambiwa 2,200. Inakumbuka namba za watu wawili, ukisahau kubadilisha mtu namba zinachanganyika, sisi tulichanganya za mama na za baba mdogo mara moja na ikabidi turuke wiki nzima. Kioo kina namba kubwa, mama anasoma bila miwani. Hajiwezi kuifunga peke yake, anahitaji mtu, hilo ulijue kama mzazi anaishi peke yake.

Kitu kingine, mashine ikiwa ndani ya nyumba watu wanapimwa. Majirani wanakuja na tunawapima, na wengi wao hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Hapa kwenye ploti yetu tu baba mmoja wa miaka 41, hana maumivu yoyote, anacheza mpira Jumapili, tulipata 178 kwa 110, tukarudia, tukarudia tena. Sai yuko kwa dawa.

Nyota nne. Kama una 8,000 na mzazi mwenye presha usingoje aanguke ndipo ununue, na ukienda dukani enda na futi ya fundi ukiwa umeshapima mkono wake. Mama anatembea na mkongojo sasa, mkono wa kushoto bado hauvuti uzi kwa sindano lakini unashikilia kitambaa yeye akikata na wa kulia. Asubuhi ya leo 127 kwa 78, na ile ya pili 124 kwa 76.